Mji Aliouomba Samira

Kila Alhamisi, alasiri ikishasaliwa, Salme binti Shaib alikuwa akijitanda kanga yake nzuri, anafunga mlango wa uani, anashika njia ya dukani kwa Lea. Jirani akimuuliza, "Wapi tena, Mama Samira?" yeye hujibu bila kusimama, "Nakwenda Maskati, magharibi nimesharudi."

Hakuwa akisema uongo. Mwanawe alikuwa Maskati, na njia ya kufika kwake ilipita kwenye kompyuta ya Lea.

Lea mwenyewe alizaliwa kwenye makambi ya mkonge, mtoto wa Kilutheri, na ujana wake wote alikuwa mpiga chapa wa shirika moja la umma. Shirika likauzwa, watu wakarudishwa majumbani. Wengine waliondoka na viti, Lea akaondoka na taipureta. Akaiweka kwenye kibaraza cha watu pale Usagara, mjini Tanga, akawa anawachapia wenzake barua za kuomba kazi ambazo hazikuwepo. Taipureta ikazaa mashine ya fotokopi, fotokopi ikazaa kompyuta, na kompyuta zikawa tatu. Ile ya dirishani, yenye mwanga mzuri, ndiyo aliyoipenda Salme kwa sababu ya macho yake.

Na Samira naye aliondoshwa na mambo hayo hayo. Alikuwa akishona kwenye kiwanda cha nguo. Mitumba ikajaa sokoni kama maji ya bamvua, kiwanda kikafunga milango, msichana akabaki na mikono mitupu yenye ujuzi. Nasima, binamu yake Salme aliyeolewa Maskati, akasema mleteni huku, kuna wanawake kibao wa asili ya kwetu wanataka fundi wa kuwasikiliza kwa Kiswahili. Salme alikuwa mjane na mwana alikuwa huyo huyo mmoja. Alimfungia kisamvu cha kukausha, akamsindikiza, akarudi nyumbani akakuta mto wa Samira bado una bonde la kichwa.

Basi barua pepe ndiyo ikawa kinywa chao. Lea alimfungulia Salme anwani yake mwenyewe, akamfundisha kusoma kwenye kioo. Shule Salme aliishia ya msingi tu, lakini kusoma alijua, na alisoma kwa sauti ndogo huku kidole kikitembea juu ya maneno. Kujibu alikuwa akisema yeye, Lea anachapa.

Na barua ya Samira haikuwa na mwisho mwingine ila kitendawili. Tangu mtoto akinyonya, hiyo ndiyo ilikuwa michezo yao: mama anatega mtoto anategua, mtoto anatega mama anahangaika. Salme akifika kwenye neno "Kitendawili!" husahau alipo, anaitikia kwa sauti, "Tega!" Watu waliopanga foleni ya fotokopi wanageuka.

"Mama Samira," Lea anacheka, "hakusikii huyo."

"Ananisikia. We chapa."

Safari moja Samira aliandika: Nikitoka nje nipo motoni, nikiingia ndani nipo Lushoto. Salme, akifikiria baridi ya milima ya Lushoto, akajibu ni homa. Alhamisi iliyofuata binti akamrudishia: Mama we! Homa gani hiyo inafika Lushoto? Umeshindwa. Nipe mji.

Maana desturi unaijua: anayeshindwa hutoa mji. Na mtegaji naye haridhiki upesi, anaukataa huu na ule mpaka apewe unaompendeza. Akishaupata huenda kwa maneno, anakula na kunywa kwa maneno, na akirudi ndipo anapolitaja jibu. Salme akampa Tongoni. Sitaki, nikale magofu? Akampa Ushongo. Sitaki, nitashiba mchanga. Hizo ni Alhamisi mbili nzima zimekwenda kwa kukataliana miji. Mwisho Salme akampa Wete, alikozaliwa yeye mwenyewe, kule Pemba. Samira akaandika: Wete nimeukubali. Nilikwenda Wete, nikala pweza wa nazi, nikalala kwa bibi mzaa mama, jibu lake ni kiyoyozi, mashine ya baridi.

Mji mmoja tu Salme hakuwahi kumpa, kwa sababu alijua utakataliwa. Samira alipokuwa mdogo, kila akipewa Tanga alikuwa akipiga mguu chini. "Tanga sitaki! Tanga si ninayo!"

Sasa lipo jambo moja. Salme alikuwa mtu wa stara. Nguo za ndani alizianika chini ya kanga, na maneno ya mwanawe vile vile hakutaka yaanikwe. Duka lina watu, kompyuta inakaliwa na kila mwenye shida. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza alimwambia Lea, "Mwanangu, tukimaliza futa. Yangu na yake. Na lile pipa la takataka la humo kwenye kompyuta limwage."

"Mama Samira, na ukitaka kuzisoma tena?"

"Zitakuwa zimekwenda?"

"Haziendi. Hapa tunafuta nakala tu. Zenyewe zimekaa kule kwenye seva, kwenye kompyuta kubwa ya kampuni. Hiyo ni kama posta, inatupa sisi nakala, asili inabaki nayo. Siku ukizitaka tunaziita zote."

"Basi vizuri. Zikae huko, hapa tufute."

Na ndivyo ilivyokuwa kweli. Lea hakusema uongo hata chembe. Kila Alhamisi walisoma, wakajibu, wakafuta, wakamwaga pipa. Salme akarudi nyumbani na moyo mweupe, akijua maneno yote ya mwanawe yamepangwa mahali pamoja, yamefunikwa.

Aliyemtia hofu zaidi ni Uweso. Huyu alikuwa fundi wa redio ambaye redio za kutengeneza zilikwisha, watu wananunua mpya za Kichina wanatupa. Akawa anashinda dukani kwa Lea, anasoma gazeti kabla mwenyewe hajalifikia, na karatasi yoyote inayotoka kwenye mashine lazima macho yake yaipitie. "Uweso," Lea alikuwa akimwambia, "siku moja utasoma hukumu yako." Uweso anacheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho tu yasiyokuwa na kazi.

Basi Alhamisi moja Samira akaandika kwamba kifua kinambana kidogo, mama mdogo Nasima anasema ni baridi ya mashine, asitie shaka. Kisha: Kitendawili! Nina mzigo usio na uzito. Nautua na kuutwika kutwa kucha. Siku nikiutua nisiutwike tena, basi.

"Tega!" alisema Salme, kwa kuchelewa. Akafikiri. Akamwambia Lea aandike: ni kope za macho, na unywe maji ya tangawizi.

Jibu lililokuja: Umekaribia, lakini siyo. Tangawizi nimekunywa. Haya, mji.

Salme akatabasamu peke yake. Kitendawili hiki kilimwingia, hakutaka kushindwa. "Mwandikie hivi: mji sikupi. Niache nifikiri. Sharti nikipate."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Mwache asubiri, kiburi chake kimezidi."

Wakatuma, wakafuta, wakamwaga pipa.

Katikati ya wiki ile akaja Alexander, kijana fundi wa kompyuta, akamfungia Lea laini mpya isiyopita kwenye simu. Kile kilio cha simu cha kuitafuta intaneti kikaisha. Akapangua programu za barua pepe, akazipanga upya, akajisifu, "Mama Lea, sasa uko kisasa. Huku na kule ni kitu kimoja." Lea akampa soda, akashukuru, kwa sababu mambo yalikuwa yanafunguka upesi kama mlango uliotiwa mafuta.

Alhamisi ikafika. Salme akaketi dirishani, Lea akamfungulia anwani yake. Loo! Kioo kikajaa. Mstari juu ya mstari, barua juu ya barua, tangu ile ya kwanza kabisa Samira alipofika uwanja wa ndege na kuogopa ngazi zinazotembea. Zote zimerudi kwa mkupuo, kila moja na kichwa chake cha habari, zimejipanga mbele za watu.

"Yallah, ni nini hiki?" alisema Salme.

"Hata sijui," Lea alisema. "Sijaziita mimi."

Na Uweso alikuwa nyuma yao, gazeti mkononi. Akaanza kusoma kwa sauti, kwa furaha kabisa, kama mtu anayesoma matokeo ya mpira. "'Dawa ya tumbo la mwezi.' 'Mama usimwambie mtu.' 'Yule bwana wa mji wa Ibra.' Ehee! Mama Samira, kumbe kuna bwana na sisi hatujaambiwa! 'Bwana wa Ibra tena.' 'Bwana wa Ibra ana mke.' Masikini!"

Watu wa foleni wakacheka. Damu ikampanda Salme usoni. Alijitupa mbele akaziba kioo kwa kanga yake, mikono miwili, kama anayemfunika mtoto aliyetoka kuoga.

"Futa! Lea, futa! Futa zote, watu wanaona!"

"Ngoja nione kwanza..."

"Futa mwanangu nakuomba! Si umesema zipo kule?"

"Zipo kule."

"Basi futa!"

Lea akazishika zote kwa pamoja, akafuta. Kwa mazoea mkono ukaenda kwenye pipa, akamwaga. Kioo kikawa cheupe. Akamgeukia Uweso, akamtoa nje kwa maneno ambayo hayaandikiki. Kisha akavuta pumzi, akasema, "Haya, tuite ya leo peke yake, tuisome kwa utulivu."

Akaita, ikaja tupu. Akaita tena. Tupu.

"Leo hajaandika," alisema Lea.

Salme alikaza kanga kichwani. "Kanuna. Kwa sababu sijampa mji. Namjua, tangu mdogo ndivyo alivyo."

"Tumwandikie sisi?"

"Anune. Alhamisi atakuja mwenyewe."

Akaondoka. Njiani alikuwa akimcheka mwanawe moyoni, na huku akikitafuta kile kitendawili.

Jumatatu mchana, Salme yuko uani anachambua mchele, akamwona Lea mlangoni. Lea hakuwahi kufunga duka mchana, na kwa Salme alikuja siku za Idi tu, kula biriani. Salme akainuka na ungo wake, uso umemkunjuka.

"Imekuja? Hukuweza kungoja Alhamisi, ee? Anasemaje?"

Lea akasimama pale pale. "Shikamoo, Mama Samira."

"Marahaba. Anasemaje?"

"Nasima amepiga simu dukani."

Mchele ulimwagika bila kelele. Kifua kilimbana Samira usiku, wakamkimbiza hospitali, asubuhi hakuwa tena wa dunia hii. Adhuhuri ile ile walikuwa wameshamzika, huko huko, kama dini inavyotaka. Salme hakuuona uso, hakushika udongo.

Matanga yalikaliwa bila maiti. Wanawake walijaa nyumbani, Uweso na wanaume wenzake wakakaa barazani. Na ni katika siku hizo, Salme amelala kwenye mkeka na nyumba imetulia kwa joto la mchana, ndipo alipokisikia kifua chake mwenyewe kikipanda na kushuka. Unautua, unautwika. Unautua, unautwika.

"Pumzi," alisema.

"Wasemaje, dada?" aliuliza mwanamke aliyekuwa akimpepea.

"Sisemi kitu."

Kumbe mtoto alikuwa akimwambia. Alimwambia na mchezo juu yake ili asimtishe, na yeye akamjibu kope.

Arobaini ilipopita, nguo za Samira zilizobaki Tanga zikagawiwa, kama inavyofanywa, gauni hili kwa fulani, mtandio huu kwa fulani. Salme hakuzuia hata kimoja. Alijisemea, zangu mimi zipo kule, zimefunikwa. Akajitanda, akafunga mlango wa uani, akaenda kwa Lea.

"Nimekuja kuchukua maneno ya mwanangu," alisema. "Yote, mwanangu. Nitolee kwenye karatasi, tangu zile ngazi zinazotembea. Wenye kusoma wasome, sijali tena."

Lea alikuwa ameshamwekea karatasi mpya kwenye mashine tangu asubuhi. Akafungua, akaita, kioo kikabaki cheupe. Akazima kompyuta, akaiwasha upya, akaita tena. Akajaribu ile ya pili. Akajaribu ya tatu. Salme alikuwa amekaa mikono mapajani, anangoja kwa adabu kama mtu aliye hospitali.

Alexander akaitwa. Alikuja na begi lake, akatazama, akauliza zilifutwa lini na vipi, kisha akamtazama Lea.

"Sema tu, baba," Salme alimwambia.

"Zamani, bibi, kompyuta hii ilikuwa inachukua nakala, asili inabaki kwenye seva. Mkifuta hapa, kule hakuguswi. Nilipobadilisha, ikawa hapa na kule panalingana. Kinachoingia kule kinaonekana hapa. Ndiyo maana siku ile ziliwajia zote."

"Na tukafuta hapa."

"Na kule kukafutika."

"Mbona hukuniambia?" Lea alisema.

"Nilikwambia, Mama Lea. Nilikwambia huku na kule sasa ni kitu kimoja."

"Uliniambia kama mtu anayesifu! Hukuniambia kama mtu anayeonya!"

Alexander akaangalia chini. Alipiga simu kwa kampuni mbele yao, akabembeleza. Wakamwambia akiba wanayoweka ni ya siku chache tu, ya zamani kiasi hicho haipo. Akapiga Maskati kwa Nasima. Samira alikuwa akiandikia kwenye duka la intaneti la mtaani, na neno lake la siri la kufungulia hakuna aliyekuwa nalo. Alikwenda nalo.

Lea alilia mpaka akajiinamia kwenye meza. Ni Salme aliyemshika bega. "Nyamaza, mwanangu. Mimi ndiye niliyesema futa."

Akabaki amekaza macho kwenye kile kioo. Mara akauliza, taratibu, "Siku ile zilikuja zote. Na ya siku ile ilikuwemo?"

Lea akainua uso. Barua mpya hukaa juu kabisa, na wao hawakuitazama ya juu. Walitazama wingi wake tu.

"Ilikuwemo," Lea alisema. "Lazima ilikuwemo, Mama Samira."

Samira hakununa basi. Aliandika, akangoja, na upande wa huku wakanyamaza.

Salme akasimama. Uweso alikuwa nje kibarazani, tangu msiba hakuthubutu kuingia ndani Salme akiwepo. Alipomwona anamjia, akakunja gazeti, akaanza kuondoka.

"Uweso, simama."

"Mama Samira, siku ile wallahi ulikuwa ni mzaha tu, mimi sikuwa na..."

"Sikuja kugombana. Siku ile ulisoma. Macho yako mimi nayajua, hayaachi kitu. Ya juu kabisa, kabla sijaziba, iliandikwaje?"

Uweso akajikuna shingo. Akatazama barabarani, akatazama viatu vyake.

"Niambie. Nakuomba. Wewe ndiye uliyebaki nazo."

"Ndani sikuona, Mama. Ilikuwa haijafunguliwa. Ni kichwa chake tu."

"Kichwa chake."

"'Mama nipe mji basi, nimechoka.'" alisema Uweso. "Hivyo tu. Nilitaka kuisoma kwa sauti na hiyo, nikaona haina cha kuchekesha."

Salme aliitikia kwa kichwa. Alisimama pale jua likimpiga, watu wanapita, mwenye baiskeli ya samaki akapiga kengele, hakusikia. Kisha akarudi ndani akakaa dirishani.

"Nifungulie ya kuandika."

"Niambie nichape," alisema Lea, akijifuta uso.

"Leo nachapa mwenyewe. Nionyeshe tu yanapoanzia."

"Mama Samira... hakuna wa kuisoma."

"Najua."

Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Kila akikosea Lea alinyoosha mkono, naye anausogeza pembeni, anarekebisha mwenyewe. Jibu la kitendawili alikuwa nalo mdomoni, neno dogo tu, lingemchukua muda mfupi kuliandika. Hakuliandika. Aliyelipata jibu hana haja ya kutoa mji, mchezo umekwisha hapo, kila mtu anakwenda zake kulala. Lakini aliyeshindwa hutoa mji, na akishatoa, zamu ya kusema inakuwa ya mwenziwe.

Alipomaliza alisukuma kiti nyuma. Lea akatuma. Na mkono wa Lea, kwa ile miaka yote ya mazoea, ukaenda wenyewe kwenye kufuta.

"Wache," Salme alisema. "Iache hapo hapo. Uweso! Njoo ndani."

Uweso akaingia, amevua kofia.

"Soma. Kwa sauti, kama siku ile."

Waliokuwa kwenye foleni wakanyamaza. Uweso akainama kwenye kioo, akasafisha koo mara mbili, akasoma:

"'Samira mwanangu, nimeshindwa. Nakupa Tanga. Usiseme si ninayo. Chukua Tanga yote, na nyumba, na uani, na mimi niliyemo. Haya, umekwenda, umekula, umekunywa. Sasa sema.'"

Salme aliikunja mikono yake mapajani, akainamisha sikio kidogo kuelekea kwenye kompyuta, akangoja.